Mdogo wangu na mpango wake wa miaka mitano

Najua nimeadimika, na nasikia wengine mmeshaanza kusema nimeolewa kimya kimya na Mwarabu. Hapana jamani, ni zamu tu. Wiki mbili nilikuwa zamu ya usiku, na mtu wa usiku akiamka mchana hana akili ya kuandika, ana akili ya kutafuta maji ya kunywa basi.

Leo nina jambo. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, amemaliza shahada yake ya uuguzi na amepata mwajiri huku Muscat. Hongera sana mdogo wangu, tumefurahi wote. Sasa juzi kanitumia faili la mpango wake. Ukurasa mzima umepakwa rangi kama kanga! Mwaka wa kwanza kiwanja, mwaka wa pili msingi, wa tatu kupandisha kuta, wa nne kupaua, wa tano anarudi nyumbani. Kila mwezi umeandikiwa kiasi chake. Hata likizo kaigawa tayari: siku kumi harusi ya kaka, siku kumi Idd, siku kumi za kupumzika. Chini kaandika, "Dada, nimesahau nini?"

Siku hiyo hiyo mjomba akanipigia simu. Yeye anasema nimwambie huyo mtoto aache makaratasi mengi, apande ndege aende, mambo mengine atayakuta mbele kwa mbele, kwani riziki haipangwi.

Nimekaa nao wawili hao kichwani wiki nzima, nikibadilisha dripu nawawaza, nikipika nawawaza. Maoni yangu ni kwamba wote wamekosea, ila kila mmoja kakosea upande wake. Nitaeleza, na itabidi niseme na jambo langu la mwaka 2018 ambalo wengi wenu mnalijua nusu.

Nianze na mjomba, maana yeye ni mkubwa. Mjomba, shikamoo. Kwenye makaratasi hakuna mbele kwa mbele. Muuguzi hapandi ndege kuja kufanya kazi Oman kama anayekwenda kusalimia Pangani. Kuna mtihani wa kwenye kompyuta. Kuna kuhakikiwa vyeti, na wanaohakiki hawakuulizi wewe, wanaandika moja kwa moja kwa chuo chako, na chuo kikichelewa kujibu wewe unakaa na unasubiri. Kuna barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kule nyumbani kuthibitisha kuwa umesajiliwa na huna kesi. Mimi mzunguko huo ulinichukua miezi mingi, na nilikuwa mtu wa kufuatilia kila Jumatatu mpaka mlinzi wa getini akanizoea.

Halafu mkataba. Mdogo wangu, usome mstari kwa mstari, ukiwa umekaa. Angalia mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, usidanganyike na jumla, maana kiinua mgongo ukimaliza kinahesabiwa kwa ule wa msingi. Na uulize sheria ya sasa, usiulize sheria ya mtu aliyekutangulia. Mimi nilipofika mwaka 2016, ukiondoka kwa mwajiri wako bila barua yake ya kutokuwa na pingamizi, ulikuwa huruhusiwi kurudi kufanya kazi Oman mpaka miaka miwili ipite. Nawajua watu waliovumilia mengi kwa ajili ya karatasi ile moja. Kuanzia Januari 2021 sharti hilo liliondolewa, aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwingine, na mwaka 2023 ikatoka sheria mpya kabisa ya kazi. Lakini mpaka leo nasikia watu nyumbani wanashauriana kwa ile ya zamani.

Na mimi mwenyewe niliingia mtego huo. Jamaa mmoja aliyewahi kuishi huku aliniambia mapumziko ya wiki ni Alhamisi na Ijumaa. Nikapanga kila kitu hivyo, benki, kusajili simu, kupima afya kwa ajili ya kitambulisho cha ukaazi. Nimefika nakuta serikali ilishahamishia mapumziko Ijumaa na Jumamosi tangu mwezi wa tano mwaka 2013! Jumamosi ya kwanza nikasimama kwenye mlango wa ofisi iliyofungwa, jua linanichoma, nimeshika bahasha yangu ya picha nane za pasipoti.

Kwa hiyo mjomba, makaratasi yapangwe, tena kwa ukali. Hapo nampa mdogo wangu alama zote.

Sasa nije kwake. Mdogo wangu, sisi tumesoma kazi moja. Chuoni walitufundisha kuandika mpango wa uuguzi: unampima mgonjwa, unatambua tatizo, unapanga, unatekeleza, halafu unapima tena. Lile la mwisho ndilo wanafunzi tunaliandika haraka haraka ili tupate alama, lakini kazini ndilo lenyewe. Mpango wa mgonjwa husomwa upya kila zamu inapobadilishana. Ukikuta presha imeshuka hulaumu mpango wa jana, unaubadilisha na unatia saini. Sijui kwa nini sisi wauguzi tukitoka wodini tunasahau kabisa jambo hili, tunajipangia maisha yetu kama tunaandika kwenye jiwe.

Nitakupa mfano wa bibi mmoja. Ramadhani ya mwaka 2022 ilikuwa inakaribia. Bibi huyu alikuwa amelazwa kwetu, sukari imepanda sana, anatumia insulini asubuhi na jioni. Daktari, mimi na mtaalamu wa lishe tukakubaliana vizuri sana, kwa Kiingereza chetu kizuri, kwamba asifunge. Mpango ukaandikwa. Nikaenda kumweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, "Mwanangu, mie nafunga tangu nakaa Malindi. Hebu sema na mie vizuri."

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Niliyekuja na kitabu cha Kiarabu nilichokikariri miezi sita! Huku kuna wazee wengi wa namna hiyo, familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine waliokuja Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita watu wake warudi kujenga. Siku hizi nikiingia chumba chenye mzee natupa neno moja la Kiswahili kwanza, nione kama litadakwa.

Basi tukaongea na yule bibi, mimi na yeye. Nikagundua tunaweza kuandika katazo letu kwenye faili kwa wino mwekundu, yeye akifika nyumbani atafunga tu, na atafunga peke yake bila mtu wa kumwongoza. Hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Nikarudi kwa daktari. Alinuna kidogo, kisha akakaa chini tukaandika upya. Dozi kubwa ya asubuhi akaihamishia wakati wa kufuturu, na ile ya jioni akaipunguza iwe ya daku. Apime sukari mchana mara kadhaa, na tukamhakikishia kuwa kutoboa kidole hakufunguzi, hilo lilimpa raha sana. Na sharti moja lisilo na mjadala: ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, anafungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa kuadhini. Aliapa mbele ya mwanawe. Alifungua siku tatu katika mwezi ule, akazilipa baadaye siku za baridi. Msichukue dozi hizi mkampa mgonjwa wenu huko, kila mtu ana daktari wake. Nasema tu kwamba mpango wa kwanza ulikuwa sahihi kwenye karatasi, na ungeweza kumuua.

Lakini angalia, hatukumwambia "funga tu bibi, Mungu yupo". Yale mawili, 3.9 na 16.6, hayakuguswa.

Na si yule bibi tu. Ukifika huku utakuta hata mwezi wa angani unaingia kwenye rosta. Mwaka 2024 Saudia walianza kufunga Jumatatu tarehe 11 Machi, Oman tukaanza Jumanne tarehe 12, kwa sababu huku mwezi unatafutwa kwa macho yao wenyewe. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi kwa Waislamu zinapungua kisheria, lakini wagonjwa hawapungui. Muuguzi mkuu wa wodi yetu, mama wa Kihindi kutoka Kerala ambaye si Mwislamu hata kidogo, ana dawa yake. Anaandika rosta mbili. Moja kama mwezi utaonekana, moja kama hautaonekana, anazibandika ukutani zote mbili. Magharibi habari ikitoka, anachana moja anatupa kwenye pipa. Hakuna anayenuna wala anayesema mpango umeharibika. Mimi kwa miaka tisa huku sijaona mpangaji bora kuliko yule mama.

Vitu vingine hata rosta mbili hazitoshi. Huku "wadi" si ya hospitali, ni mkondo mkavu wa mto, unapita hapo mwaka mzima unaona mawe na mbuzi. Mvua ikinyesha milimani unageuka mto wa kuua. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule, Mungu awarehemu. Wenzetu wa asubuhi hawakuweza kuvuka, sisi wa usiku tukabaki wodini mpaka mchana kutwa, tunagawana biskuti. Nilikuwa nimepanga siku ile niende kununua zulia. Ha ha ha, zulia.

Sasa mwaka 2018.

Wakati ule nilikuwa kama mdogo wangu huyu, labda zaidi. Nina siku 30 za likizo kwa mwaka, mnajua. Mwezi wa kwanza tu nilishazigawa zote: siku 20 za Idd mwezi wa sita, siku 10 za harusi ya dada mwezi wa nane. Fedha nazo hivyo hivyo. Kila riali ilikuwa na kazi yake kabla sijaishika, na riali moja ni kama dola mbili na nusu na ushee, kwa hiyo ukiituma nyumbani inasikika. Mwezi wa tisa nikatuma fedha zote za mabati na kenchi. Mlipiga picha nyumba imepauliwa mkanitumia, nikawaonyesha wenzangu wodini, yule mama wa Kerala akanipongeza. Nilijiona mtu kwelikweli. Mpango wangu ulikuwa umetimia mpaka senti ya mwisho na siku ya mwisho.

Mwezi wa kumi baba akapata kiharusi.

Aliishi siku kumi baada ya pale. Siku kumi, ndege kutoka Muscat mpaka Dar es Salaam haichukui hata siku moja, saa zetu zinapishana saa moja tu. Lakini sikuwa na siku hata moja ya likizo, na benki nilikuwa na fedha ya kula mpaka mshahara. Msimamizi wangu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wodi iliyojaa na wauguzi wawili wagonjwa, na likizo bila malipo inapita meza kadhaa kabla ya kutiwa saini. Mama naye kwenye simu ananiambia usije mwanangu, maliza kazi yako, baba anaendelea vizuri. Mimi ni muuguzi, najua "anaendelea vizuri" ya siku ya nne ni ipi.

Nikawa namwuguza kwa simu. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Msimlishe akiwa amelala, muinueni kichwa, mjaribuni kwanza na maji kijiko kimoja, akikohoa acheni, mwambieni daktari. Angalieni visigino. Nasema hivyo nimesimama kwenye korido, kisha nakata simu naingia chumbani kumgeuza baba wa mtu mwingine, namfuta, namwekea mto chini ya visigino. Wanawe wananishukuru, wananiletea tende na kahawa. Nilikunywa kahawa yao.

Ruhusa ilitoka siku ya tisa jioni. Tiketi nikakopa kwa wenzangu watatu. Baba alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri kama inavyotakiwa, mimi nikafika baada ya siku mbili. Wengi wenu mlidhani nilinyimwa ruhusa na Waarabu, na mimi nikawaacha mdhani hivyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejibana mwenyewe. Sikuwa nimeacha hata siku moja wala riali moja isiyo na jina.

Ndiyo maana, mdogo wangu, nimelirudisha faili lako na nimefuta baadhi ya vyumba. Usikasirike. Zile siku kumi za "kupumzika" nimeziacha tupu, hazina jina, na usizipe jina mpaka mwezi wa kumi na mbili. Kwenye fedha, nimesogeza kiwanja mbele miezi saba. Miezi hiyo saba unaweka kwenye akaunti ya pembeni nauli ya kwenda na kurudi, kwa bei ya kununua leo kusafiri leo, ambayo ni ghali, nenda kaulize. Ikishatimia ndiyo kiwanja kianze. Mwaka wa tano nimeuwekea alama ya kuuliza. Si kwamba usirudi, rudi. Lakini mikataba yetu huku ni ya miaka miwili miwili, na wenye nchi wanasomesha wauguzi wao, wanachukua nafasi zao kama ilivyo haki yao. Unaweza kurudi mwaka wa pili, unaweza kurudi wa tisa. Mimi nilisema miaka miwili, nipo hapa.

Kwenye mambo ya wodini nimefuta zaidi. Umeandika "dakika 8 kila mgonjwa". Umesikia wapi hiyo? Najua, ulidhani ughaibuni ni haraka haraka. Mimi pia. Mtoto wa Tanga niliyelelewa kusalimia mtaa mzima, nikafika huku nikajifanya mtu wa saa. Huku unasalimia, unauliza habari, unaulizwa habari, unajibu hakuna habari, ndipo unasema kilichokuleta. Sawa na kwetu kabisa. Mgonjwa niliyemsalimia vizuri ananyoosha mkono mwenyewe achomwe sindano, yule niliyemkimbilia na kifaa cha presha ananizungusha robo saa.

Na ninyi wa nyumbani, nina neno na ninyi, msininunie. Mabati ya 2018 mlinisifu, mpaka msikitini ilisemwa. Lakini ningewaambia mwaka ule kwamba nina fedha imelala benki haina kazi, inangoja tu, je, mngenielewa? Mngeniita mchoyo. Angalau watatu wangenipigia simu kuipatia kazi, na nawajua kwa majina! Mwanenu akienda nje mnataka kuona tofali. Fedha ya kungoja haionekani, haipigwi picha. Huyu binti akichelewa kuweka msingi miezi saba, naomba mama mdogo usiulizwe uliulizwe msikitini wala sokoni "vipi, mbona kimya?"

Baada ya 2018 mimi huwa naacha siku nane na nauli. Mwaka 2020 corona ilipokuja, viwanja vya ndege vya Oman vilifungwa kwa abiria tangu mwisho wa Machi mpaka tarehe 1 Oktoba, siku zangu nane hazikunisaidia kitu, sikuweza kwenda popote. Ila ile nauli ilimlisha kaka na watoto wake Unguja miezi ile hoteli yao ilipokosa wageni. Sikuwa nimeipangia hivyo. Nyumba ya mama ikachelewa kupigwa plasta miaka miwili, mama akaishi kwenye vyumba viwili vilivyokuwa tayari, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Waliolalamika si wakaaji.

Haya, saa kumi na moja sasa, zamu yangu inaanza saa moja na sijaoga. Mdogo wangu, faili liko kwenye barua pepe yako. Viza ikitoka nijulishe, nitakuja kukupokea uwanjani. Nikiwa zamu atakuja yule mama wa Kerala, ana gari jeupe na atakuwa ameshika karatasi yenye jina lako, mwamkie vizuri. Usijaze sanduku manguo, nguo zipo huku. Niletee unga wa makopa, nina hamu ya bada sijui niseme nini.

Mjomba, nitakupigia Ijumaa tugombane vizuri.

Wasalaam.